Picha nzuri ya mfugo huanzia nyuma ya mnyama

Anayeanza kupiga picha za mifugo hapa Goma humkazia macho mnyama peke yake, na hilo laeleweka, kwa kuwa mnyama ndiye aliyemfanya atoe kamera. Mimi, baada ya kupiga picha nyingi za mbuzi na ng'ombe pembezoni mwa mji, nimezoea kufuata utaratibu ulio kinyume: kwanza natafuta mandhari ya nyuma iliyo tulivu, kisha namsubiri mnyama aingie. Mbuzi anayekula majani hatulii mahali pamoja. Asubuhi ileile atapita mbele ya ukuta wa mawe, mbele ya migomba na mbele ya kamba ya nguo, na mpiga picha aliyekwisha kuchagua mahali pake hana haja ya kumkimbiza.

Mji wetu una neema yake katika jambo hili, nayo ni mawe meusi ya volkano. Lava ya Nyiragongo, ambayo mwaka 2002 ilifika hadi katikati ya mji, ndiyo inayojengewa nyua katika mitaa mingi, na mbuzi mweupe akisimama mbele ya ukuta wa namna hiyo huonekana wazi kabisa. Tatizo ni kwamba kamera, ikiona weusi mwingi, hudhani mahali pana giza na kuongeza mwanga, hata manyoya ya mbuzi yanageuka doa jeupe lisilo na unywele mmoja unaoonekana. Kwenye simu, gusa uso wa mbuzi kwenye kioo, halafu punguza mwanga kidogo kidogo mpaka manyoya ya shingoni yaanze kutofautiana. Mbuzi mweusi usimpige hapo, kwa sababu mgongo wake utamezwa na mawe. Msubiri afike kwenye majani mabichi.

Umbali kati ya mnyama na kilicho nyuma yake una uzito kuliko bei ya kamera. Ng'ombe aliyeegemea uzio hatatengana nao hata ukitumia lenzi ya milimita 85 iliyofunguliwa sana, ile inayotia ukungu nyuma ya mnyama, lakini akisogea mbele mita chache, uzio uleule utalainika. Wenye simu wasitegemee sana ile programu inayotia ukungu nyuma, kwani mara nyingi hukata ncha za pembe na masikio. Pembe hasa zinahitaji uangalifu: ng'ombe wenye pembe ndefu wanaofugwa katika ukanda wetu huonekana wameotwa na nguzo au mgomba kichwani, na dawa yake ni mpiga picha kusogea nusu hatua kushoto au kulia.

Kupiga magoti nako hubadilisha mandhari yote. Ukisimama wima unapata matope na samadi nyuma ya mbuzi. Ukishuka hadi usawa wa macho yake, unapata majani ya mbali na mlima. Ila anga la hapa mara nyingi huwa jeupe kwa mawingu, na weupe huo huvuta jicho, kwa hiyo mimi hulipunguza kwenye fremu hata kama mwanga wa mawingu wenyewe naupenda kwa manyoya. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua la saa sita huwa karibu utosini na huacha macho ya ng'ombe gizani. Saa moja asubuhi mwanga huingia kwa ubavu, na ile mboni ya mstatili ya mbuzi huonekana vizuri.

Omba ruhusa kwa mwenye mifugo, kisha mwendee ng'ombe kwa ubavuni, kamwe si kwa nyuma ambako hakuoni. Acha nafasi mbele ya uso wake kwenye fremu, na usimkate kwato.

Kabla ya kubonyeza napitisha macho kwenye kona zote nne. Bidoni (dumu la maji) ya njano iliyojitokeza nusu pembeni huvuta jicho kuliko mbuzi mwenyewe, hivyo namwomba mwenye boma niisogeze. Lakini ikiwa ndiyo wanayonyweshewa, naiingiza yote kwenye picha, karibu na mdomo wa mbuzi, kwa sababu hapo inaeleza jinsi mifugo ya mjini inavyopata maji.