Kioo kipi kinachosha macho: nilichopima mwenyewe kwa rula na penseli

Mkuu uliyeuliza kipi hakichoshi macho kati ya simu ya OLED (kioo ambacho kila nukta hujiwakia yenyewe), laptop ya LCD (kioo chenye taa nyuma yake) na Kindle (kifaa cha kusomea vitabu, kioo chake kama karatasi): mimi ni msahihishaji wa miswada, kutwa nasoma. Mwaka jana macho yalinisumbua hadi nikaamua kupima badala ya kubishana.

Nilianza na kupepesa. Nilitega simu ya mke wangu inirekodi, kisha nikahesabu. Nikipiga soga napepesa kama mara 17 kwa dakika. Nikisoma kwenye laptop, 6. Simu, 6. Kindle, 7! Nilishtuka, maana niliinunua kwa bei ya mbuzi wawili nikidhani ndiyo dawa. Kumbe jicho likizama kwenye maandishi husahau kupepesa, hata yakiwa ya karatasi, basi machozi yanakauka na macho yanaanza kukereketa kama yana mchanga.

Kisha rula. Nafumba jicho moja, ncha ya rula shavuni, naisogeza karibu kadi yenye maandishi madogo hadi herufi ziingie ukungu, naandika sentimita. Namba ikiongezeka, jicho limechoka kuona vya karibu. Asubuhi huwa 15. Baada ya saa mbili za simu usiku, 19; laptop 17; Kindle 16. Nayo Kindle naishika karibu sawa na simu, kwa hiyo umbali si jibu. (Rudia siku kadhaa. Siku niliyolala vibaya ilivuruga kila kitu.)

Kilichofichua mambo ni penseli. Zima taa, shusha mwangaza, itikise haraka mbele ya kioo cheupe. Kwenye laptop yangu naona ukungu mmoja; kwenye simu, penseli nyingi zimepangana kama fito za uzio. OLED nyingi hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima, simu nyingi kama mara 240 kwa sekunde, nyingine 480. Ukitulia huoni kitu, ila macho yakiruka mstari yanaupata huo mmweko. Na kadiri unavyoshusha mwangaza ndivyo muda wa kuzima unavyorefuka. Nami nilikuwa naushusha hadi mwisho, eti nalinda macho!

Siku hizi nauacha nusu, nawasha taa ya chumba, na kuumwa kichwa usiku kumepungua sana. Ukavu bado upo, huo nauondoa kwa kupepesa kwa makusudi kila nikifungua ukurasa.

Zipo laptop za LCD ambazo nazo huwaka na kuzima hivyohivyo, kwa hiyo nenda dukani na penseli. Muuzaji atakushangaa, mwache.