Kabla ya Kununua Rundo la Marudio, Litoboe Hadi Chini

Rundo la kwanza la marudio (mchanga uliobaki baada ya mawe ya dhahabu kusagwa na kuchenjuliwa mara ya kwanza) nililolichenjua kwa ajili ya dhahabu lilikuwa na takribani tani 1,000. Nililizunguka na koleo, nikachota sampuli 12, na maabara ikanipa wastani wa gramu 2 kwa tani. Kwa hesabu hiyo nilitarajia kilo 2, lakini nilipomwaga tangi la mwisho sikuwa nimefikisha hata gramu 700. Sayanidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu, ilitosha na mzani haukuwa na hitilafu. Kosa lilikuwa langu, nalo lilianzia kwenye koleo.

Baadaye, nilipotoboa kwa keekee ya mkono (kazi ambayo nilipaswa kuifanya kabla ya kutoa fedha), mchanga wa mita ya kwanza ulitoka ukiwa na rangi ya kutu, mwepesi na uliolegea, kisha ukafuata mwingine wa kijivu, mzito, wenye chembe za paraiti (madini ya chuma na salfa) zilizometa nilipougeuza juani. Kule juu hewa na mvua vilikuwa vimeozesha paraiti kwa miaka mingi na kuiachia dhahabu iliyofungwa ndani yake. Kule chini dhahabu ipo, na maabara huiona kwa sababu upimaji wa moto huyeyusha kila kitu, ila maji ya sayanidi hayapenyi paraiti iliyo nzima.

Kwa hiyo toboa hadi ufike kwenye ardhi ya asili, na kila mita iwe na mfuko wake. Ukizichanganya umeharibu kazi. Toboa karibu na mahali tope lilipokuwa likimwagwa, ambako mchanga mkubwa hutuama, na pia upande wa mbali ulikofika ule laini. Usiombe kiwango cha dhahabu pekee, bali omba pia jaribio la chupa inayozungushwa, ambamo sampuli hukaa katika maji ya sayanidi kwa saa 24 au zaidi, kwani ndilo linaloonyesha kiasi kitakachotoka kweli. Pima na shaba, ambayo hula sayanidi bila kukuachia faida yoyote.

Iwapo marudio yaliwahi kuchenjuliwa kwa zebaki, iondolewe kwanza, kwa kuwa sayanidi huiyeyusha na kuisafirisha hadi kwenye maji; Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki ulioanza kutumika mwaka 2017, unautaja uchenjuaji wa sayanidi bila kuondoa zebaki kwanza miongoni mwa vitendo vinavyopaswa kukomeshwa.

Limebaki suala la chokaa. Hiyo ndiyo hupandisha pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi), nami huhakikisha imefika 10.5 kabla ya kufungua pipa la sayanidi, kwa sababu ikishuka sana hutoka gesi inayoua. Paraiti iliyooza huacha asidi, hivyo tabaka lilelile la rangi ya kutu, linalotoa dhahabu kwa urahisi, ndilo linalokula chokaa nyingi kuliko mengine, na rundo langu la pili lilimaliza akiba yote kabla tangi la kwanza halijawa tayari.