Maswali ya Wasomaji: Kwenye kompyuta meli yangu inaondoka salama, mbona inafika vibaya?

SWALI: Mtaalamu wa safu hii, assalaam aleikum. Mimi ni kijana wa Chumbageni, Tanga. Nimesomea uhandisi wa mitambo na sasa nimeajiriwa katika karakana ndogo inayokarabati vyombo vya chuma. Mteja wetu mmoja amenunua meli ya mizigo iliyokwisha kutumika, yenye urefu wa mita 34 na upana wa mita 8, na anataka iwe ikipeleka saruji na mabati Pemba. Nimepewa kazi ya kuandaa hali za upakiaji katika programu ya kukokotoa uthabiti wa meli. Karatasi zake zinasema meli tupu ina tani 160, na kwamba kitovu cha uzito wake kiko mita 14.8 kutoka tezi (nyuma ya meli) na mita 2.95 kutoka mkukuni (uti wa chini kabisa wa meli). Mambo mawili yananitatiza. La kwanza, hali ya kuondoka Tanga, matangi yakiwa yamejaa, ina matokeo mazuri kuliko hali ya kufika Pemba, ingawa wakati wa kufika meli ni nyepesi zaidi. La pili, nikiiweka meli tupu peke yake, programu inaonyesha omo (mbele) imezama kuliko tezi kwa sentimita 20, ilhali gatini nimesoma alama kwa macho yangu na tezi ndiyo iliyo chini, kwa sentimita 35. Je, mbovu ni programu au ni mimi? (Msomaji, Chumbageni)

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu msomaji. Niruhusu nianze na la pili, kwa sababu maadamu meli tupu haijakaa sawa kwenye kompyuta, hakuna hali nyingine ya upakiaji inayostahili kusomwa.

Unasema kitovu kiko mita 14.8 “kutoka tezi”, nami nakuuliza: tezi ipi? Meli ina tezi mbili kwa mpimaji. Ipo ile ya macho, yaani bamba la mwisho kabisa la nyuma, na ipo ile ya wachoraji, ambao mara nyingi huanzia kuhesabu kwenye mhimili wa usukani. Katika picha ya skrini uliyoniambatanishia, sifuri ya mchoro wako imewekwa kwenye mhimili wa usukani, na bamba la nyuma limebaki mita 1.2 nyuma yake. Ikiwa aliyeandika zile karatasi alivuta futi kamba kuanzia bamba la nyuma, basi kwa sifuri yako kitovu hakiko 14.8 bali 13.6. Jaribu kukokotoa uone: tani 160 zikisogezwa mbele kwa mita 1.2 zinaleta tani-mita 192, na jedwali ulilonitumia linaonyesha kwamba meli yako ikiwa tupu inahitaji takriban tani-mita 3.5 ili mlalo wake wa omo na tezi ubadilike kwa sentimita moja. Gawanya, utapata sentimita 55, na hizo ni sawasawa na zile 20 za omo ukijumlisha na 35 za tezi. Vitu vingine havikukosewa kwa sababu ulivipima mwenyewe kwenye mchoro. Hata hivyo usiniamini mimi wala gawanyo langu. Chukua futi kamba, panda melini, ukapime umbali kati ya bamba na usukani.

Ukiwa huko, hakikisha pia sifuri ya wima. Programu nyingine huanzia kwenye mstari wa maji uliokusudiwa na mchoraji, nyingine mkukuni, na tofauti hiyo kwa meli kama yako inakaribia mita mbili. Kosa la namna hiyo wakati mwingine hujificha, kwa sababu linaweza kuipa meli uthabiti wa ajabu ambao kila mtu anaufurahia.

Jambo jingine kuhusu hizo tani 160 ni kwamba meli iliyotumika haibaki na uzito iliyozaliwa nao. Rangi juu ya rangi, winchi mpya, chumba kilichoongezwa juu ya sitaha, vyote hivyo ni tani. Mwaka mmoja nilifanya hesabu za chombo kilichokataa katakata kulingana na kompyuta; kila tulipokisoma majini kilikuwa kimezama zaidi ya hesabu kwa sentimita saba. Wazee wanasema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na jawabu letu kweli lilikuwa ngamani, yaani tumboni mwa meli: tulipong'oa mbao za sakafu tulikuta mawe ya matumbawe yamepangwa kwa ustadi kutoka ubavu hadi ubavu, farumi (uzito wa kuituliza meli) ya nahodha fulani wa zamani ambaye hakumwambia mtu. Ndiyo maana namba ya meli tupu inayoaminika ni ile inayotokana na jaribio la kuiinamisha, pale uzito unaojulikana unaposogezwa kutoka upande mmoja wa sitaha hadi wa pili na timazi ndefu kusomwa ndani ya ngama. Mwombe mteja wako alifanye upya. Lifanywe asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka, kamba za gatini zikiwa zimelegezwa, na matangi yakiwa ama yamejaa pomoni ama yamekaushwa.

Sasa turudi kwenye swali lako la kwanza. Hapo hujakosea, na programu haijakosea. Mafuta na maji yako yamo katika matangi ya sakafuni, chini kuliko kitu kingine chochote melini, kwa hiyo kila lita inayotumika ni kama farumi iliyotolewa melini. Tazama namba zako mwenyewe. Wakati wa kuondoka una meli tupu tani 160, saruji tani 180 katika kimo cha mita 2.10, mabati tani 20 juu ya sitaha katika mita 4.40, mafuta tani 12, maji tani 8, mabaharia na vitu vyao tani 2. Jumla ni tani 382 na kitovu kiko mita 2.52 juu ya mkuku. Wakati wa kufika, mafuta na maji yakiwa yamebaki asilimia 10, jumla ni tani 364, lakini kitovu kimepanda hadi mita 2.61. Sentimita tisa zimeondoka, na kimo cha metasenta, kile ambacho skrini inakiandika GM, yaani kipimo cha uthabiti wa meli inapoanza kuinama, kimepungua karibu kiasi hichohicho.

Najua utasema kwamba safari ya kwenda Pemba si ndefu kiasi cha kumaliza asilimia 90 ya mafuta. Ni kweli, lakini ile asilimia 10 haikuwekwa kutabiri safari moja. Imewekwa kwa sababu siku moja meli itafanya safari kadhaa bila kujaza mafuta, na siku hiyo hakuna atakayefungua kompyuta. Kanuni za Uthabiti wa Meli za Shirika la Kimataifa la Bahari za mwaka 2008, zinazohusu meli za mita 24 na kuendelea, zinataka kwa meli ya mizigo angalau hali nne: kuondoka na shehena kamili, kufika na shehena kamili, kuondoka na farumi bila shehena, na kufika na farumi bila shehena. Mimi kwa chombo chako ningeongeza ya tano ambayo haimo katika orodha hiyo. Fikiria uko Pemba, malori ya saruji yamekwisha kuwasili na ya mabati bado. Makuli wataanza na kile chenye lori. Ikiwa mabati yamepangwa kandokando ya mlango wa ngama, saruji yote itatoka na mabati yatabaki juu. Meli itakuwa na tani 184 na kitovu chake kitapanda hadi mita 3.10. Iandike hali hiyo, uikokotoe, kisha matokeo yake mpe nahodha mkononi.

Kuna mahali pengine ambapo vijana wengi huumia, napo ni uso huru wa maji. Umeniandikia kwamba tangi la farumi la katikati lina urefu wa mita 5 na upana wa mita 7, nalo halina ukuta wa kulitenga. Likijazwa nusu, maji hukimbilia upande ambao meli imeinamia, na athari yake haitegemei wingi wa maji bali upana wa tangi uliopigwa mara tatu kwa wenyewe. Zidisha 5 kwa 343 (yaani 7 mara 7 mara 7), gawanya kwa 12, zidisha kwa 1.025 ya maji ya bahari, utapata takriban tani-mita 146. Kwa meli yenye tani 378, ambazo ni zile 364 pamoja na tani 14 za farumi hiyo, umepoteza sentimita 39 za GM. Ukuta mmoja wa katikati ungeshusha hasara hiyo hadi sentimita 10. Mshauri mteja auweke sasa, meli ingali karakanani. Tangi lililojazwa asilimia 98 au zaidi halihesabiwi kuwa na uso huru, lakini namba ya 98 iandikwe kwenye kompyuta pale tu ambapo kijiti cha kupimia kimeitoa tangini. Angalia pia usihesabu mara mbili: baadhi ya programu zina chaguo la kuyafuata maji yenyewe yanavyohama tangini, na ukilichagua hilo kisha ukaongeza masahihisho kwa mkono, unaiadhibu meli kwa kosa moja mara mbili.

Kuhusu masharti yenyewe, usitosheke kuona alama ya kijani. GM isipungue mita 0.15, mkono wa kurejesha, yaani umbali wa mlalo kati ya uzito unaovuta chini na maji yanayosukuma juu meli ikiinama, ufikie angalau mita 0.20 katika pembe ya nyuzi 30 au zaidi. Eneo chini ya mchirizi, yaani mstari uliopinda unaoonyesha mkono huo kwa kila pembe, hadi nyuzi 30 lisipungue 0.055 kwa kipimo cha mita-radiani. Mizizi ya namba hizi ni tasnifu ya Jaakko Rahola wa Finland ya mwaka 1939, aliyechunguza meli zilizopinduka akalinganisha na zilizosalimika. Eneo la kufikia nyuzi 40 hukatwa mapema ikiwa kuna tundu litakaloingiza maji kabla ya pembe hiyo, nawe katika faili lako hujaweka tundu hata moja. Mlango wa chumba cha injini uko wapi? Mabomba ya hewa ya matangi je? Yaweke, kisha uutazame mchirizi huo upya.

SWALI: Chombo changu cha mita 26 hupakia nazi mtoni Pangani na kwenda Unguja. Kijana aliyetutengenezea faili la kompyuta anasema kina cha kuzama nilichosoma mtoni hakilingani na chake. Nani mkweli? (Nahodha, Pangani)

JIBU: Nahodha, huenda nyote wawili ni wakweli. Maji ya mto ni mepesi kuliko ya bahari: yakiwa baridi kabisa, yaani bila chumvi, mita moja ya ujazo ina tani moja, na ya bahari ina tani 1.025. Chombo kile kile, bila kuongezwa hata nazi moja, huzama mtoni zaidi kwa sentimita chache, kisha kikitoka mdomoni hupanda. Mwambie kijana wako abadilishe uzito wa maji katika hali ya kupakia. Mkikokotoa kwa maji baridi kabisa mtapata kiwango cha mwisho cha kuzama. Maji yakijaa ya bahari huingia mtoni, na ukweli wa siku hiyo utakuwa katikati.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni zile nazi za juu ya sitaha. Gunia la nazi hula nafasi kubwa kwa uzito mdogo, kwa hiyo ngama hujaa mapema na rundo huanza kupanda juu. Uzito wake faili linaujua, lakini ukuta wake wa upepo mara nyingi haliujui, kwa sababu mchoraji alichora chombo kikiwa kitupu. Sharti la hali ya hewa hukokotolewa kwa shinikizo la paskali 504 linalosukuma kila kilicho juu ya maji, na rundo nalo limo. Aliongeze rundo katika mchoro wa ubavu kwa kimo mnachofikia kweli wakati wa msimu, na upepo wa kusi msiusahau.

SWALI: Katika boti yangu ya abiria, inatosha kuandika uzito wa abiria wote kwa mstari mmoja? (Mwenye boti, Raskazone)

JIBU: Hapana, mama. Mstari mmoja huwaweka abiria wote katikati ya boti, nao hawakai hapo. Kila mmoja huhesabiwa kilo 75, kitovu chake kikiwa mita 1 juu ya sitaha akiwa amesimama, au sentimita 30 juu ya kiti akiwa ameketi. Andika mstari kwa kila sitaha, kisha tengeneza hali nyingine ambapo wamejazana upande mmoja, kama wanavyofanya gati linapoonekana. Boti isiinamie zaidi ya nyuzi 10. Idadi iliyomo katika faili iwe ndiyo idadi ya tiketi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, na hakuna hali ya upakiaji iliyoandikwa kwa ajili ya idadi kama ile. Ikiwa siku za sikukuu unaongeza viti vya plastiki juu, basi hiyo ni hali nyingine kabisa, na ikokotolewe kabla ya viti kununuliwa.