Je, ukurasa wa mipangilio ya ruta unahitaji usimbaji fiche?

Nikifungua 192.168.1.1, anwani ya ukurasa huo, kivinjari kinasema ukurasa si salama. Je, mtu aliye nje anaweza kuliona nenosiri langu?

Aliye nje hawezi. Aliye ndani ya mtandao wako anaweza. Anwani zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa mitandao ya ndani na hazipitishwi kwenye intaneti, hivyo mawasiliano ya kompyuta yako na ruta hayatoki nje ya mtandao wa nyumbani. Onyo hilo, ambalo Chrome iliuwekea kila ukurasa wa HTTP, yaani usiosimbwa, tangu mwaka 2018, maana yake ni kwamba nenosiri linasafiri wazi, naye yeyote awezaye kuyanasa mawasiliano hayo atalisoma.

Wi-Fi yangu ina nenosiri na imesimbwa kwa WPA2, mfumo wa kulinda Wi-Fi. Hiyo haitoshi?

Inatosha dhidi ya mpita njia asiyelijua nenosiri la Wi-Fi. Haitoshi dhidi ya mtu uliyempa, kwa sababu katika WPA2 ya nyumbani wote hutumia nenosiri moja, na anayelijua, akirekodi dakika kifaa chako kinapojiunga na mtandao, anaweza kukokotoa ufunguo wako na kusoma unachotuma. WPA3, mfumo mpya zaidi uliotoka mwaka 2018, imeziba njia hiyo. Ipo njia nyingine ambayo haikuzibwa: kifaa kilicho ndani ya mtandao kinaweza kukidanganya chako kwamba chenyewe ndicho ruta, na mawasiliano yote yakapitia kwake. Simwogopi sana mgeni aliyeketi sebuleni. Naiogopa zaidi kamera au televisheni ambayo haijasasishwa kwa miaka na imekwisha kuingiliwa bila mwenyewe kujua. Aliyelipata nenosiri la ruta anaweza kubadilisha seva za DNS, zile zinazokiambia kifaa chako tovuti iko kwenye anwani gani, na tangu hapo kila jina la tovuti linaloulizwa nyumbani mwako hujibiwa na yeye. Kwa sababu hiyo nashauri kwamba, ruta ikikupa nafasi ya kuwasha HTTPS, yaani HTTP iliyosimbwa, uiwashe.

Niliiwasha, kivinjari kikatoa onyo kubwa zaidi kuhusu cheti. Je, nimeharibu?

Hapana. Cheti ni hati ya kidijitali inayothibitisha utambulisho wa tovuti. Taasisi zinazotoa vyeti vinavyoaminiwa na vivinjari haziwezi kuithibitishia ruta yako anwani ambayo nyumba nyingi zinaitumia kwa wakati mmoja, kwa hiyo ruta hujitengenezea cheti chake. Cheti hicho humzuia anayesikiliza tu. Anayejifanya ruta anaweza naye kukuonyesha cha kwake. Basi mara ya kwanza unganisha kompyuta kwa waya, vifaa vingine vyote vikiwa vimetenganishwa na ruta, kisha unakili alama ya utambulisho ya cheti (mfuatano wa herufi na namba) na ukubali cheti hicho. Siku alama hiyo ikibadilika, ilhali hukusasisha ruta wala kuirudisha katika hali ya kiwandani, usiandike nenosiri.

Ruta yangu haina HTTPS kabisa. Niinunulie mbadala?

Si kwa sababu hiyo peke yake. Badilisha mipangilio ukiwa umeunganishwa kwa waya, waweke wageni na vifaa usivyoviamini kwenye Wi-Fi ya wageni iliyotengwa, na kabla ya hayo yote ondoa nenosiri la kiwandani. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai ilivamia kamera na ruta nyingi mno kwa kujaribu tu orodha ya majina na manenosiri ya kiwandani yapatayo 60. Haikuhitaji kunasa mawasiliano ya mtu yeyote. Tena, ukimaliza kazi, toka kwenye akaunti, maana tovuti mbaya iliyo wazi kando inaweza kukitumia kivinjari chako kuiamrisha ruta, na hapo HTTPS haisaidii.

Je, nikiwa na HTTPS naweza kuufungua ukurasa huo nikiwa safarini?

Usiufungulie intaneti. HTTPS hulificha nenosiri njiani, lakini mlango wenyewe unabaki mbele ya dunia nzima, pamoja na kila kasoro iliyomo katika programu ya ruta. Ukilazimika, ingia kwanza kwenye mtandao wa nyumbani kwa VPN, yaani njia iliyosimbwa inayokuunganisha na mtandao huo kupitia intaneti.