Robo kumi na moja za "linaendelea"

Juzi dada mmoja wa Jinja aliniandikia: "Dada, tuna kijumba chetu cha sanaa, tumeambiwa tuandike mpango mkakati wa miaka mitano. Nyinyi mlifanikiwaje?" Nilicheka peke yangu ndani ya taksi mpaka kondakta akanigeukia. Mlifanikiwaje!

Mpango wetu ulikuwa na malengo manne: wageni, watoto wa shule, mapato, na daftari la kazi zote za sanaa tulizo nazo. Matatu ya kwanza tuliyapita, na acha nijisifu: mimi ndiye niliyezunguka shule za Kampala kwa boda, kwa nauli yangu, kuwabembeleza walimu wakuu. Mabasi yakaja. Mapato nayo yakapanda tulipoanza kukodisha bustani kwa sherehe za kwanjula, za binti kumtambulisha mchumba kwa wazazi.

Lengo la nne nililiandikia "linaendelea" kila robo mwaka, robo kumi na moja mfululizo.

Kisha mjumbe mmoja wa bodi, mzee mpole, akauliza kikaoni: "Binti yangu, ule mchoro wa lubugo tuliowapa uko wapi?" Nikasema stoo. Akasema twende tukauone. Tuliukuta nyuma ya viti vya plastiki vya kwanjula, umekunjwa mara nne, mikunjo imepasuka, ukungu wa masika umeutia mabaka. Ufundi wa lubugo, gome la mti wa mutuba linalopondwa mpaka likawa nguo, UNESCO iliutangaza urithi wa dunia nzima mwaka 2005. Sisi tuliuegemezea viti.

Mzee hakunigombeza. Aliukumbatia mchoro wake, akaondoka. Afadhali angenitukana. Na muhtasari wa kikao kilichofuata ulitaja jina langu peke yake. Walioamua viti viwekwe stoo hawakutajwa hata mmoja. Sijasahau.

Kwa hiyo, dada yangu, anza kwa kuhesabu. Kabla ya nembo, kabla ya uzinduzi, hesabu. Kila kazi ipe namba, kwa penseli laini nyuma ya karatasi au kwenye lebo ya kufunga kwa uzi, kamwe si kwa kalamu ya wino. Piga picha kwa simu. Andika vipimo, ilipo, aliyeitoa, na karatasi aliyotia saini. Lubugo usilikunje, lizungushe kwenye bomba nene, uliinue kutoka sakafuni, uliweke mbali na ukuta wa nje kabla mvua za Machi hazijaanza. Halafu hesabu tena.

Mwaka 2024 vitu 39 vilirudi Makumbusho ya Uganda kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge. Wengi walishangilia, wengine wakanuna kwamba vimekuja kwa mkopo, na kununa kwao nakuelewa. Mimi lililonichoma ni hiyo 39. Wenzetu wanajua idadi ya vitu vya babu zetu, sisi hatujui idadi ya michoro iliyo mita kumi kutoka mezani petu! Tunadai virudi, sawa, vikirudi tutaviweka nyuma ya viti gani? Vijana wa sanaa mnapenda sana ufunguzi, mvinyo na picha za mitandaoni. Nani kati yenu amewahi kufagia stoo?

Sasa tumefika kazi ya 140. Chumba cha pili hatujakigusa. Viti bado vimo, maana msimu wa kwanjula haujaisha.