Usichague siklidi kwa rangi, mimi nilishalipia ujinga huo

Naulizwa sana, "kaka nina tangi la samaki la futi nne nataka niweke siklidi wa rangi rangi, nichanganye nani na nani?" Na mi huwa nawarudishia swali, hao samaki asili yao ziwa gani? Mtu anakaa kimya, anadhani namzungusha. Simzungushi wallahi, swali hilo ningeulizwa mimi mapema nisingefukia samaki kumi na moja chini ya mchaichai pale barazani.

Ilikuwa hivi. Tangi langu la kwanza la maana alinitengenezea fundi vioo, futi 4, linameza kama lita 240, nikapanga mawe, nikaacha filta izunguke wiki kama tano na kachakula kidogo cha kuoza humo ndani ili bakteria wa kusafisha maji wazaliane kwanza. Mpaka hapo nilikuwa mtu mwenye akili zangu. Kisha nikaenda dukani. Nikaona visamaki vya njano vina mistari myeusi, na mimi ni Yanga toka tumboni, nikalainika palepale nikachukua sita. Pembeni kuna pikoki wa bluu, wale Aulonocara, nikachukua wanne. Halafu Tropheus watano wadogo, weusi wenye vidoa vyeupe kama mtu kawamwagia chumvi. Nikamuuliza muuzaji, hawa wanakaa pamoja? "Wanakaa boss, wote siklidi." Na kweli wote siklidi, hata sato na perege wa kwenye sahani ni siklidi, furu wa Ziwa Victoria siklidi, kuhe wa Kigoma naye humo humo, ukoo mkubwa kuliko wa babu yangu, na ukoo wa babu yangu nao huwezi kuuweka nyumba moja.

Wiki tatu za kwanza raha tupu, wageni wakija nawasha taa nakaa kimya nasubiri sifa. Kwanini walitulia? Watoto tu. Siklidi mtoto hana shamba la kugombania. Baadae mmoja wa wale wa njano akaanza kuwa mweusi nikadhani anaumwa, kumbe wale ni Melanochromis auratus, na dume lao likishika madaraka linavua njano linavaa giza. Asubuhi moja nawasha taa, pikoki mmoja kajibana juu kabisa kati ya hita na kioo, mdomo unagusa uso wa maji, mkia umebaki vijiti vijiti kama fagio la chelewa lililochakaa, na chini mchangani magamba yanameta. Nikimsogeza na wavu anarudi palepale. Ukiona samaki anaishi nyuma ya hita sio kwamba anasikia baridi, huyo ni mkimbizi, mtoe siku hiyo hiyo, mimi nilisubiri "wazoeane" na ndani ya mwezi pikoki wote wanne wakaenda, pamoja na auratus wawili ambao nadhani nao walikuwa madume.

Tropheus je? Hao niliwaua mimi. Nilikuwa nawapa wote minyoo ya kugandisha maana walivyokuwa wanaigombania ilikuwa sinema. Tropheus utumbo wake mrefu, umeumbwa kwa mwani, ukimshindilia vyakula vya nyama anavimba tumbo, anatoa kinyesi cheupe kama uzi, anaingiza chakula mdomoni anakitema, siku chache kwisha habari. Wote watano.

Mwaka uliofuata nikapata safari ya Kigoma nikaenda ufukwe wa Jakobsen na miwani ya kuzamia, maji yanafika kifuani tu. Aisee. Nikawaona Tropheus kwao, kila mmoja na jiwe lake, anagonga gonga ukoko wa mwani kama fundi anachonga, jirani akisogea anamsindikiza futi moja mbili halafu anarudi kazini. Pale ndo nikaelewa, ziwani anayefukuzwa ana pa kwenda, kwenye tangi langu akikimbia mwisho wake kioo.

Kwa hiyo ziwa kwanza. Wa Tanganyika wanataka maji ya pH (kile kipimo cha uasidi, 7 ndo katikati) inayokaribia 9, wa Ziwa Nyasa 8 na kitu, wote maji magumu, yaani yenye madini mengi, ndo maana wengi tunaotumia maji ya visima vya Dar hatuna shida nao sana, ila onja kwanza, kisima kikiwa na chumvi ya bahari achana nacho. Oskari, enjelfishi na diskasi hao ni wa Amerika ya Kusini, kwao maji laini yenye uasidi. Utaniambia jirani kawachanganya na wanaishi. Sawa, anaishi na yule anayelala stendi.

Ukishajua ziwa, uliza anakula nini. Hili ndo watu wanaruka. Mla mwani na mla nyama kwenye tangi moja mmoja lazima aumie, labda kama wewe unaweza kukaa pale unamlisha kila mtu na kijiko chake. Frontosa wa Kigoma, yule mwenye kibonge kwenye paji, ni mpole anaogelea kama mzee anatoka msikitini, lakini anafika sentimita 30 na kule ziwani anakula samaki waliolala, kwa hiyo mweke na wadogo uone kama asubuhi hesabu itatimia.

Tabia inafuata, na hapa kwa mbuna, wale wa kwenye miamba ya Nyasa, hesabu inakuja kinyume na unavyodhani. Ukiweka wachache wanauana, ukiweka wengi kidogo hasira inagawanyika, mbabe anakosa wa kumwandama. Demasoni kwa mfano, kasamaki kadogo ka bluu ambako kwao ni upande wetu kabisa, miamba ya Pombo, ukiweka watano baada ya miezi utabaki na mmoja, wanaanzia kumi na mbili. Wengi maana yake filta kubwa na kubadilisha maji kila wiki hata robo, kwasababu maji ya pH ya juu yanafanya amonia, ile inayotokana na uchafu wa samaki, iwe sumu kali zaidi. Dume moja kwa majike matatu au zaidi, na usiweke aina mbili zinazofanana rangi, watapigana ama watazaa machotara.

Kwa anayeanza na futi 4 mimi namwambia Labidochromis wa njano, acei, na rasti yule wa rangi ya kutu, wote wa Nyasa, basi, kila aina sita hivi. Sio wababe sana na rangi zao hazigongani. Juu yake ongeza gogogo kadhaa wa madoadoa wa Tanganyika, najua nimesema ziwa moja ila huyu anavumilia, na ana ujanja wa ajabu, anapenyeza mayai yake siklidi wakiwa wanataga, mama siklidi anayabeba mdomoni pamoja na yake, vifaranga vya gogogo vinatotolewa mapema vinakula watoto wa mwenye nyumba humo humo mdomoni. Ukimwingiza mgeni vuruga mawe kwanza, kila mtu apoteze mpaka wake, halafu zima taa.

Mwenye tangi dogo la lita 60 asilie, kuna wale wa Tanganyika wanaoishi kwenye nyumba za konokono, multi, sentimita nne tano tu, mwage mchanga na makonokono matupu kibao, uwaache peke yao wajenge mtaa.

Saa hizi jike langu la njano lina mdomo umejaa mayai siku ya tisa hajala kitu. Na yule auratus mweusi nilimpa rafiki yangu mmoja, anaishi tangi la peke yake, na juzi nimeenda kumtembelea nikamkuta anapigana na kivuli chake kwenye kioo.