Shajara Imejaa Wanaume, Mabibi Wako Wapi?

Mwezi huu tumejibu barua za wasomaji wanaotafuta asili za koo zilizochanganya damu huku mwambao: Waarabu, Washirazi, Wangazija, Wahindi, na watu wa bara waliofika kwa biashara, kwa ndoa au kwa utumwa.

*Asalaam aleikum. Shajara yetu, yaani orodha ya nasaba iliyoandikwa kwa Kiarabu, ina majina 14, toka babu wa Mombasa hadi mtu anayesemekana alitoka Shiraz miaka elfu iliyopita. Hakuna mwanamke hata mmoja. Nyanya mzaa babu wengine wanasema Mdigo, wengine Mnyasa. Tuanzie wapi?* — Msomaji wa kike, Mombasa

Waaleikum salaam, dada. Anzeni kwa hesabu. Kizazi kimoja ni kama miaka 30, hivyo majina 14 yanafika miaka 420 tu. Miaka elfu inataka majina 33 hivi. Hilo halimfanyi mwandishi kuwa mwongo. Waandishi wa nasaba waliruka wasiojulikana na kumuunga mjukuu na babu kwa "bin" moja. Inakilini shajara kama ilivyo, wekeni alama panapodhaniwa pengo, na msijaze jina la kubahatisha.

Wanawake hawamo kwa kuwa karatasi ya namna hiyo ilikuwa ya kuthibitisha urithi na kufu, yaani usawa wa hadhi katika ndoa, kwa upande wa baba. Na asili zilizochanganyika zimekuja zaidi kwa mama. Uchunguzi wa chembe za urithi za watu waliozikwa Mtwapa, Manda, Kilwa na kwingineko kati ya 1250 na 1800, uliochapishwa 2023, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya asili yao ya Kiafrika ilitoka kwa wanawake, na ile ya Kiajemi kwa wanaume. Mkifuata shajara peke yake mtakuwa mmeacha nusu ya ukoo nje.

Nendeni kwa bibi mkongwe kuliko wote, na msianze na "alikuwa kabila gani?" Swali hilo huleta jibu la heshima, si jibu la kweli. Ulizeni: nani alikuwa walii wake, msimamizi wa ndoa, alipoozwa? Akiwa kaka au ami, ana jamaa wa kufuatwa. Akiwa kadhi au bwana wa nyumba, huenda aliwahi kuwa mtumwa au alikuwa mbali na kwao. Somo yake, aliyemfunda, nani? Nani alimnyonyesha? Amezikwa kati ya makaburi ya nani? Alihesabu na kubembeleza watoto kwa lugha gani? Alipungwa pepo gani? Kibuki, kwa mfano, huelekeza Bukini (Madagaska) na Ngazija, ingawa ni dalili tu. Umri pimeni kwa matukio: kabla au baada ya kimbunga cha Unguja cha 1872, mizinga ya Waingereza huko Unguja ya Agosti 27, 1896, au vita vya 1914. Rekodini dakika 40 tu, kisha mrudi siku nyingine mkamsomee mlichoandika. Mzee husahihisha jina lililokosewa upesi kuliko anavyolikumbuka lisilotajwa.

Baada ya hapo tafuteni jalada la mirathi. Hakuna karatasi inayowataja wanawake vizuri kama hiyo, kwani sheria ya Kiislamu inampa kila mmoja fungu lake na fungu lenyewe linasema yeye ni nani. Mke wa marehemu aliyeacha watoto hupata thumuni, moja ya nane. Wakiwa wake wawili hugawana, kila mmoja moja ya kumi na sita. Mama hupata sudusi, moja ya sita, na binti nusu ya fungu la kaka yake. Mkiona wanawake wawili wenye moja ya kumi na sita sawasawa, hao ni wake wenza hata kama karani hakuandika. Mkiona mtoto amerithi lakini hakuna mke aliyetajwa kuwa mama yake, mama huyo aliachwa, alitangulia kufa, au alikuwa suria, yaani mtumwa aliyezaa na bwana wake, ambaye hakurithi kama mke. Majalada haya yako kwenye mahakama za kadhi na nyaraka za taifa. Kwa ardhi ya pwani ya Kenya, angalieni pia madai yaliyotolewa chini ya sheria ya hati za ardhi ya 1908: mdai alilazimika kueleza shamba limemfikiaje, na mara nyingi lilipitia kwa mama au shangazi.

*Hati ya shamba la babu, Unguja, ina tarehe 1310. Tulijumlisha 622 tukapata 1932, naye alishafariki. Tena karatasi moja inamwita Mswahili, nyingine Mshirazi, nyingine Mwarabu.* — Msomaji, Maskati

Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo haujumlishwi hivi hivi. Zidisheni kwa 0.97 kwanza, ndipo muongeze 622: 1310 inakuwa 1892 na kitu. Kwa hakika ulianza Julai 1892 ukaisha Julai 1893. Kosa la miaka 40 ni zaidi ya kizazi kizima. Kumbukeni pia kwamba siku huanza magharibi: aliyezaliwa "usiku wa Ijumaa" kwa Miladi amezaliwa Alhamisi usiku.

Majina hayo matatu yanaweza yote kuwa ya babu mmoja. Katika sensa ya Zanzibar ya 1924 wengi walijiandikisha Waswahili. Kufikia ile ya 1931 wengi wao hawakulitaka tena jina hilo, kwa kuwa lilikwisha kunasibishwa na utumwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mgao wa chakula ulifuata kabila, na mchele ukawapendelea walioandikwa Waarabu na Wahindi. Mombasa nako, kuhesabiwa "mzalendo", yaani mwenyeji, au la kuligusa kodi. Andikeni kila jina pamoja na mwaka na karatasi lilikotoka, wala msichague moja mkafuta mengine.

Mkienda Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, ambako kuna hati za mauziano, mirathi na kumbukumbu za watumwa walioachwa huru baada ya amri ya 1897, chukueni majina matatu ya babu, jina la shamba au mtaa, na muongo. Juma bin Abdallah wako wengi mno. Shamba ndilo litakalomtenga wenu. Tafuteni Khamis, Hamis na Hamisi, yote.

*Bibi mzaa baba alikuwa suria. Wazee hawataki liandikwe.* — Msomaji, Unguja

Liandikwe, ila lisitangazwe bila ridhaa yao. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba ni huru na hurithi sawa na nduguze. Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, alipofariki 1856 aliacha watoto wa masuria, na Majid na Barghash walitawala. Wekeni nakala mbili: ya ndani yenye kila kitu, na ya nje isiyo na walio hai wala jambo wasilolikubali. Mkimtafuta kwenye madaftari, anzeni na jina la bwana. Tausi na Zafarani mara nyingi ni majina ambayo watumwa walipewa na mabwana, na "binti Abdallah" huenda hakuwahi kuwa na baba aitwaye Abdallah. Jina la kwao, hata kama limebaki kinywani mwa shangazi mmoja, ni mali kubwa kuliko hati yoyote. Liandikeni leo.

*Je, kipimo cha vinasaba kitamaliza ubishi?* — Msomaji, Dar es Salaam

Hakitamaliza. Kwa bibi mmoja mna wastani wa asilimia 25, kwa mama yake 12.5, kwa bibi yake 6.25, na hapo makosa ya kipimo huanza kufanana na jibu. Sampuli za kulinganishia kutoka Afrika Mashariki ni chache, kwa hiyo jina la kabila mtakaloletewa ni la kukisia. Orodha ya jamaa wanaolingana ndiyo yenye faida. Mpimeni mzee aliye hai, si mjukuu, na kwanza mwambieni kwamba huenda kikatokea asichokitaraji.

*Karatasi na picha za zamani zinaliwa na wadudu na unyevu.* — Msomaji, Tanga

Msizipeleke kupigwa laminesheni: joto huharibu hati, na haibandukiki tena. Selotepu nayo huacha doa la manjano. Msifukize udi kabatini, masizi hunata. Toeni pini zenye kutu. Karatasi zenye wadudu zifungeni kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, muweke kwenye friza wiki mbili, kisha muutoe na kuuacha siku nzima kabla ya kuufungua, la sivyo zitatoka jasho. Picha za kioo zisiingie kwenye friza. Hifadhini kwenye kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila sabuni ya harufu, ndani ya sanduku lililoinuliwa sakafuni na mbali na ukuta wa nje.

Skanini picha kwa nukta 600 kwa inchi, hati kwa 300, mbele na nyuma. Majina andikeni nyuma kwa penseli ya 2B, pembeni. Wekeni nakala tatu, moja kwa jamaa wa mji mwingine. Mkituma kwa WhatsApp, tumeni kama dokumenti. Ikitumwa kama picha hubanwa, na maandishi madogo ya kadhi hayasomeki tena.